Yule Askari wa Posta ni Nani Hasa?

Mwambie mtu yeyote wa Dar es Salaam "tukutane pale Sanamu ya Askari" na hatakuuliza ni wapi. Atakuuliza saa ngapi tu. Ila ukimgeuzia swali, ukamuuliza yule askari mwenyewe ni nani na anapigana na nani, hapo kila mtu anatoa historia ya kwake.

Juzi nilikaa kwenye benchi la kahawa, si mbali na pale, nikawatupia swali hilo niliowakuta. Kijana mmoja mwenye kitambulisho cha kazini shingoni akajibu bila kusita: shujaa wa Maji Maji. Mwenzake akamcheka. "Maji Maji na bunduki ile wapi na wapi? Yule ni askari wa Mjerumani." Dada aliyekuwa anasubiri mtu akasema yeye alifundishwa ni Vita vya Kagera. Mzee mmoja, ambaye sote tulikuwa tunamwita Babu, akatikisa kichwa kwa masikitiko: "Nyie watoto. Yule ni keya, aliyepigana Burma." Muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake, akafunga kikao: "Mimi ninachojua analinda benki."

Hakuna aliyepatia, ingawa Babu alikaribia sana, na yule kijana wa pili alikuwa ameshika mkia wa jambo bila kujua. Jibu fupi ni kwamba sanamu ile iliwekwa mwaka 1927, wakati wa utawala wa Waingereza, kuwakumbuka Waafrika waliotumika upande wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Jibu refu linapita kwenye sanamu nyingine iliyong'olewa, kwenye mizigo ya vichwani, na linaishia sokoni Kariakoo.

Tuanze na maneno, maana ndiyo yanayotuchanganya.

"Askari" ni neno tulilolipata kwenye Kiarabu, likiwa na maana ya mwanajeshi. Leo tumelitandaza kama mkeka wa shughuli: askari wa barabarani, askari magereza, mgambo, hata kaka anayefungua geti la ghorofa ni askari. Mwaka 1914 lilikuwa jembamba zaidi. Lilikuwa na maana ya Mwafrika aliyevaa sare na kushika bunduki chini ya ofisa wa Kizungu. Tatizo ni kwamba pande zote mbili za vita zilikuwa na watu wa namna hiyo, na pande zote mbili ziliwaita askari. Wajerumani walikuwa na jeshi lao la koloni, Schutztruppe. Waingereza walikuwa na King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na herufi zake tatu K.A.R. zikitamkwa Kiingereza ndizo zilizotuzalia neno "keya".

Kwa hiyo Babu alipatia jeshi, akakosea vita. Keya ndio hao hao waliopelekwa Burma, lakini hiyo ilikuwa Vita vya Pili, na vita hivyo vilipoanza mwaka 1939 sanamu ilikuwa imekwishakaa pale kwenye jua miaka kumi na miwili.

Maji Maji ndiyo kosa linalonikera zaidi, si kwa sababu ni kubwa bali kwa sababu linawageuza watu. Vita vya Maji Maji ni vya 1905 hadi 1907, na ndani yake askari ndio waliokuwa wakiwafyatulia risasi wapiganaji. Songea Mbano na wenzake walinyongwa mwaka 1906 na serikali iliyokuwa ikilindwa na askari. Kumweka shujaa wa Maji Maji ndani ya sare ile ni zaidi ya kumvisha mchezaji wa Simba jezi ya Yanga. Ukumbusho wao upo, uko Songea. Na mashujaa wa Kagera, pamoja na wengine walioifia nchi hii, wana siku yao tarehe 25 Julai, na hapa Dar wana mnara wao Mnazi Mmoja. Siyo huu wa Posta.

Vita vya nani?

Hapa lazima tukubali jambo ambalo halikai vizuri kinywani: Watanganyika wengi walioshika bunduki katika vita vile walikuwa upande wa Mjerumani. Si kwa mapenzi. Nchi ilikuwa koloni lake, mishahara ilikuwa yake, na aliyekuwa askari alikuwa askari wake. Vita vilibisha hodi Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 1914, siku chache tu baada ya kutangazwa Ulaya, pale manowari ya Kiingereza HMS Astraea ilipoupiga mji mizinga ikiulenga mnara wa simu ya upepo. Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Septemba 1916, Waingereza wakauchukua mji wenyewe. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakukaa kusubiri apigwe. Akawa anarudi nyuma akipigana, kusini hadi Msumbiji, akazunguka, akaja kusalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 katika mji ambao leo ni Mbala, Zambia. Ulaya walikuwa wamekwishaacha kupigana wiki mbili nyuma.

Mbio hizo za miaka minne ndizo zilizohitaji Waafrika wengi kupita kiasi. Mwanzoni Waingereza walileta wanajeshi kutoka India na Afrika Kusini. Malaria ikawalaza. Ndipo keya wakaongezwa haraka haraka, kutoka Nyasaland (Malawi ya leo), Uganda na Kenya, na mwaka 1917 kikaundwa hata kikosi, cha sita, kilichojaa askari waliokuwa wa Mjerumani wakatekwa. Mtu yuleyule, bunduki tofauti, mfalme tofauti. Ndiyo maana ukiniuliza kama yule wa Posta ni Mtanganyika, ninakwambia swali halina kipimo. Si picha ya mtu fulani. Ni umbo lililochongwa na Mwingereza, James Alexander Stevenson, likamiminwa kwa shaba nyeusi kama unavyomimina uji wa vitumbua kwenye chuma chake: ukishapoa, unatoka na sura ya chombo. Mchongaji huyohuyo ndiye aliyetengeneza sanamu wenzake wa Nairobi na Mombasa.

Na ile singe iliyoelekezwa bandarini? Nimesikia kwamba anawasubiri Wajerumani warudi kwa meli. Ni hadithi tamu, nami nikiwa mdogo niliiamini kabisa. Ila askari yule amesimamishwa katika mkao wa kushambulia, bunduki mbele, na bandari iko upande huo wa mji. Basi.

Sanamu iliyotangulia

Sasa tumrudie yule kijana wa pili. Dar es Salaam iliwahi kweli kuwa na askari wa Mjerumani wa shaba. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha hapa mjini sanamu ya Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyetumwa mwaka 1889 kuzima upinzani wa pwani, akaja na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani aliowachukua Cairo, na chini ya mkono wake kiongozi wa upinzani huo, Abushiri bin Salim, akanyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Baadaye akawa gavana.

Sanamu yake ilipangwa hivi: Wissmann juu, amesimama wima. Chini yake simba aliyekufa. Na pembeni ya simba, askari Mwafrika, ameinua uso kumtazama bwana mkubwa, anamfunika simba kwa bendera ya Ujerumani.

Waingereza walipoingia wakaing'oa. Watu wengi husema ilivunjwa, kumbe ilisafirishwa Uingereza kama nyara, ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg. Ikakaa pale miaka arobaini na zaidi hadi wanafunzi wa chuo hicho walipoifunga kamba na kuiangusha, mara ya kwanza 1967, ikasimamishwa tena, wakaiangusha tena 1968. Tangu hapo imewekwa stoo. Nikiwasikia watu wakisema mambo ya kuangusha sanamu ni fasheni ya juzi ya mitandaoni, huwa namkumbuka Wissmann.

Kwa hiyo askari Mwafrika amesimama Dar es Salaam mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa miguuni pa Mzungu, akimtazama juu. Mara ya pili Mzungu hayupo, yuko peke yake juu ya jiwe. Mimi huwa nadhani hii ndiyo sababu ya kweli watu wa mji huu kumpenda bila kumjua: ni mweusi mwenzetu, amesimama, hamtazami mtu. Mtaa alipo umebadilishwa jina, ukatoka kwenye jina la miti ya migunga (akasia) enzi za Mjerumani na Mwingereza, ukawa Independence, ukawa Samora. Yeye hawakumgusa. Wala tusijidanganye kuwa Waingereza walimweka kwa upendo. Walikuwa wamepewa nchi waitawale, na mfalme wao alihitaji kuonekana.

Aliyekosekana juu ya jiwe

Hadi hapa tumemsema mwenye bunduki. Ila vita vile havikuwa vya wenye bunduki. Vilikuwa vya wapagazi, na ili uelewe kwa nini, twende kwenye hesabu ya jikoni.

Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, lakini Wajerumani waliporudi nyuma walivunja madaraja. Kusini hakukuwa na reli kabisa. Punda, farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Malori yalizama kwenye tope la masika. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu.

Chukua mpagazi mmoja, mbebeshe kilo 25 za unga, yaani nusu ya mfuko wa saruji, na umwambie atembee siku kumi kuwafikia askari porini, kisha arudi siku kumi. Naye ni mtu, anakula. Kilo moja kwa siku, akishukuru Mungu. Siku ishirini, kilo ishirini. Anachokifikisha kule mbele ni kilo tano. Ni kama bodaboda anayebeba dumu la petroli kwenda kuuza Kibiti huku pikipiki yake inakunywa kwenye dumu hilohilo. Sasa weka askari mia moja kule mbele, kila mmoja na kilo yake. Unahitaji wapagazi ishirini wafike kila siku iendayo kwa Mungu, na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku ishirini, unahitaji wapagazi mia nne. Kwa chakula tu. Hujabeba risasi, hujabeba hema la ofisa, hujabeba majeruhi.

Ndiyo maana Waingereza, hesabu ya vita vyote ikijumlishwa, walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja. Wengi hawakujiandikisha, walikamatwa. Na walikufa kwa namna ambayo haina sanamu: kuhara damu, malaria, nimonia, njaa. Watu waliokulia ndizi walipewa unga mbaya uliopikwa nusunusu, matumbo yakakataa. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa walikaribia 100,000. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa hata kwa kujaribu. Na vijiji vilivyonyang'anywa watu, nafaka na mifugo vikapata njaa. Wagogo waliipa ile yao jina, Mtunya.

Sanamu ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Yetu juu ina askari peke yake. Mpagazi wa Dar es Salaam yumo kwenye maandishi.

Maandishi hayo yapo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, na maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi aliyempoteza mwanawe vitani Ufaransa mwaka 1915, na ambaye alikuwa mshauri wa tume ya Uingereza ya makaburi ya vita. Yanawataja askari Waafrika waliopigana. Yanawataja wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanawataja wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Kisha yanamwambia msomaji kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Watalikumbuka jina lake. Zunguka jiwe lote, tafuta jina. Hakuna hata moja.

Hilo halikuwa bahati mbaya. Tume ile ilikuwa na kanuni yake iliyojivunia: kila aliyekufa aandikwe jina, tajiri kwa maskini, jenerali kwa kuruta. Ulaya kanuni ikafuatwa. Hapa Dar es Salaam kuna ukumbusho wa Waingereza na Wahindi wenye majina zaidi ya 1,500, uko kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Waafrika wakapewa sanamu tatu, Dar, Nairobi na Mombasa, ziwatoshe wote kwa jumla. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alikuwa na maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam yakiwemo, yaachwe yarudi porini upesi iwezekanavyo. Na makaburi ya vita yaliyokuwa Ocean Road yalipohamishwa mwaka 1968 kupisha barabara, Waafrika, ambao hawakuwa wamewekewa alama mmoja mmoja, wakazikwa upya katika kaburi la pamoja.

Mwezi Aprili 2021 tume hiyo, ambayo siku hizi ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti inaeleza sababu bila kuzunguka: ubaguzi. Waliamuliwa kuwa ni watu ambao ndugu zao hawatajali jiwe lenye jina. Mtu anayesema hivyo hajawahi kukaa matanga uswahilini.

Lakini mpagazi ana lake mjini, na ni kubwa kuliko la askari. Waingereza walipouchukua mji, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kilipiga kambi upande wa magharibi, kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelipimia Waafrika na kujenga jengo la soko. Watu wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wao: Kariakoo. Nairobi nako wapagazi waliacha Kariokor. Soko la sasa, lile lenye mapaa kama miavuli iliyogeuzwa, alilisanifu Mtanzania Beda Amuli miaka ya 1970, likaungua Julai 2021, na muda wote huo jina halikuteteleka. Kila konda anayeita "Kariakoo, Kariakoo" anakiita kikosi cha wapagazi. Na wale vijana wa mikokoteni wanaopita Msimbazi na marobota mgongoni nao, kwa kazi, ndio wenyewe.

Niliwaeleza haya pale kwenye kahawa, si yote, maana kahawa ilikuwa inapoa. Babu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema babu yake mzaa mama alichukuliwa kubeba mizigo "vita vya Mjerumani" na hakurudi, nao nyumbani walimfanyia arobaini bila mwili. Akalitaja jina lake. Muuza kahawa akamwongezea kikombe na hakumdai.

Ukitaka kuyasoma maandishi yale mwenyewe, nenda Jumapili asubuhi. Siku za kazi magari ya pale hayana huruma na mtu anayevuka huku anasoma.